Nilitumwa Kahama kusafisha code, nikakutana na seva ambayo aliyeiandikia code hawezi kuitaja jina

Wakuu, heshima kwenu. Na nyie mnaosoma kimyakimya bila hata ku-like, nawaona.

Leo sijaja kuuliza bei ya kiwanja wala kuomba ushauri wa mapenzi. Nimekuja kusimulia jambo lililonikuta huku Kahama, na nitakachoandika ndicho kilichotokea, sijaongeza chumvi. Majina ya watu nimeyabadilisha. Kuna jina moja ambalo sijalibadilisha, nimeliacha kabisa, na mkifika chini mtajua sababu. Msinitukane kabla hamjafika.

Mimi ni mtoto wa Temeke. Kazi yangu ni kuandika code, ila si zile za app zenye rangi rangi ambazo ukimwonyesha shemeji anakuelewa. Zangu ni zile za ndani kabisa. Zikifanya kazi vizuri watu wanadhani hujafanya kitu, zikiharibika kila mtu analijua jina lako.

Nilikuja huku baada ya kukaa kwa dada yangu muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Shemeji alikuwa ameanza kuniuliza kila asubuhi "leo unaelekea wapi?" kwa sauti ya upole sana, na mtu mzima lazima uelewe.

Kampuni iliyonichukua ni ya Mama Zahra. Ni mama wa familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India. Babu yake aliuza majembe na khanga Kahama kabla wengi wetu hatujazaliwa, na Kisukuma mama huyu anakiongea mpaka wenyewe wanamwomba apunguze mwendo. Yeye anauza na kuhudumia programu za mauzo. Wateja wake ni maduka ya dawa, maduka ya pembejeo, wauza spea, na ofisi za malori kule Isaka kwenye bandari kavu.

Hapa inabidi niwaeleze kazi yenyewe kidogo, mnivumilie.

Ili wateja wote wawe na programu ileile, kuna seva moja kuu ambayo ndiyo ghala. Programu mpya inawekwa pale. Kompyuta za madukani zinakuja kuchota zenyewe.

Halafu kuna module inayoendesha shughuli nzima. Hiyo ndiyo inayoiambia kila kompyuta ghala liko wapi, ichukue nini, na ifute nini ambacho ghalani hakipo tena.

Hilo la kufuta mliweke akilini.

(Mkuu aliyeuliza hapo chini kwa nini tusiweke kila kitu cloud: njoo Kagongwa mvua ikiwa imenyesha, tuongee.)

Hiyo seva kuu haikai ofisini. Iko Kagongwa, kwenye nyumba ya mzee mmoja, kwa sababu kwake kuna solar ya maana, umeme haukatiki hovyo, na mnara uko karibu. Mama Zahra, ambaye anajua kuishi na watu, aliipa seva ile jina la huyo mzee mwenye nyumba. Mzee alifurahi mno, na tangu hapo hajawahi kutusumbua kuhusu pango. Humu ndani nitaiita Seva Kuu, basi.

Module iliandikwa na dada mmoja, tumwite Neema. Mtoto wa Shinyanga mjini, amesoma, ameolewa, na wakati mimi nafika alikuwa ameenda kujifungua ukweni kwake. Hakuna mwingine ofisini aliyeielewa code yake. Ikikorofisha, Mama Zahra alikuwa anampigia Neema simu. Nasikia mara ya mwisho alimpigia akiwa wodini, na Neema akamjibu kati ya uchungu na uchungu.

Siku yangu ya kwanza Mama Zahra aliniita ofisini.

"Shikamoo Mama Zahra."

"Marahaba. Kaa. Hii code ya Neema isafishe, iandikie maelezo mtu mwingine akiisoma aelewe. Ukimaliza niambie ukweli, huyu dada arudi au nitafute mtu. Siwezi kuwa na kitu kinachoeleweka na kichwa kimoja, na kichwa chenyewe kinanyonyesha."

"Na akionekana hafai?"

"Kiti ni chako."

Wakuu, nisiwadanganye. Niliingia kwenye ile code nikiwa na njaa ya kukuta uozo.

Na mwanzo nilikata tamaa, maana dada anaandika vizuri. Kila kitu kina jina linaloeleweka. Ya Isaka imeandikwa isaka, ya dukani imeandikwa duka, ya majaribio imeandikwa majaribio. Nikaanza kuona kiti kinaniponyoka.

Mpaka nikafika sehemu za Seva Kuu.

Kule hakukuwa na jina. Kulikuwa na "yule".

Nasema kweli. yule. Halafu kwa_yule. Halafu mpelekee_yule. Kulikuwa na yule_akilala, nikaja kugundua ni pale umeme ukikatika. Kulikuwa na yule_amekasirika, maana yake seva imerudisha error. Na maelezo yake ndiyo yalinimaliza. Sehemu moja ameandika: "Hapa tunamsubiri yule, tusimharakishe." Nyingine: "Mchana yule asisumbuliwe."

Nilicheka mpaka mhasibu akaja kuangalia. Nikapiga picha za skrini nikazirusha kwenye group la tuliosoma pamoja. Jamaa mmoja akasema huyo dada ana mchepuko na hiyo mashine. Mwingine akasema ni maombi, ile ni code ya mtu aliyeokoka. Tulifurahi sana siku hiyo.

Ila swali la kitaalamu lilibaki. Kompyuta haielewi "yule". Lazima mahali fulani imeambiwa yule ni nani.

Nilitafuta. Nilipopata nikakaa nikiangalia ukuta.

Neema alikuwa amechukua orodha ya mashine zote za kampuni. Halafu anaziondoa moja moja kwa jina. Toa ya Isaka. Toa ya dukani. Toa ya majaribio. Toa ya mhasibu. Itakayobaki, hiyo ndiyo yule.

Yaani umemtuma mtoto sokoni akuletee nyanya, na badala ya kusema nyanya unamwambia: usilete kitunguu, usilete bamia, usilete nyanya chungu, kinachobaki kwenye meza ya mama ndicho ulete.

Nikaanza kuandika ripoti yangu. Nakumbuka mstari wa kwanza ulisema aliyeandika module hii ana ugomvi binafsi na seva. Niliona mstari mzuri sana. Nikawa nautafutia wa pili unaofanana nao.

Katikati ya hapo Mama Zahra akanipa kazi nyingine. Huko Masumbwe wateja walikuwa wanaongezeka, maduka yanafunguliwa kila upande wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Akataka tuwe na seva ndogo kule. Nikaenda, nikaifunga, nikaiita masumbwe, nikaiongeza kwenye orodha ya mashine za kampuni. Nikarudi Kahama nimejaa vumbi jekundu mpaka masikioni, nimeridhika.

Asubuhi yake simu zilianza.

Fikirieni wenyewe kilichotokea. Module imechukua mashine zote, imetoa ya Isaka, imetoa ya dukani, imetoa zile nyingine. Zamani ilibaki moja. Sasa zimebaki mbili, Seva Kuu na hii mpya ya Masumbwe ambayo hakuna aliyeandika itolewe. Module ikachukua iliyotangulia kwenye orodha. Iliyotangulia ni ya Masumbwe, maana mpya nilikuwa nimeiandika juu kabisa. Na ya Masumbwe ilikuwa tupu, sijaweka kitu hata kimoja.

Kompyuta zote za wateja zikaenda kwenye ghala tupu. Na amri ilikuwa nini? Kisichokuwepo ghalani, futa.

Zikafuta.

Duka la dawa likabaki na kompyuta yenye picha ya maua tu. Mwenye duka la pembejeo alinipigia akiwa anahema: "Nyie watu mmeniibia duka na mlango nimeufunga mwenyewe!" Kule Isaka ndiko kulikuwa na sinema. Madereva wa malori wanaoenda Kigali na Bujumbura walikuwa wamepanga foleni wakisubiri karatasi ya kutokea, na karatasi haitoki kwa sababu programu ya kuitoa imejifuta. Karani wa pale akaniwekea simu kwenye spika ili nitukanwe moja kwa moja. Nilitukanwa kwa lugha ambazo sijawahi kuzisikia, lakini maana ilifika.

Niliiondoa ya Masumbwe kwenye orodha, nikaanza kurudisha mteja mmoja mmoja. Jua linazama ndiyo malori yanaanza kutoka.

Mama Zahra alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Imekuwaje?"

Nikamwonyesha ile ya toa, toa, toa, itakayobaki. Akaisoma. Mama huyu hajui code, ila hesabu anajua tangu tumboni.

"Huyu dada kwa nini hakuandika jina tu?"

"Sijui, Mama."

"Basi imekwisha. Kesho nenda Kagongwa ukaangalie Seva Kuu kama haijapata tatizo, ukitoka hapo mpitie Neema umwambie asihangaike kurudi. Barua nitaandika mimi."

Hapo ndipo kiti kilikuwa changu wakuu. Mkononi kabisa.

Asubuhi nikapanda gari mpaka Kagongwa, nikachukua boda mpaka kwa yule mzee mwenye nyumba. Nilikuwa sijawahi kufika. Nikamkuta uani amevaa koti zito kwenye jua lile, anagombana na redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Wewe ndiye umetoka Kahama? Wajina wangu jana alikuwa na nini? Nimemsikia anahema hovyo."

Wajina ndiyo seva, kwa kuwa wana jina moja. Mzee ana kitambaa chake maalumu cha kuifuta vumbi kila asubuhi, na hakuna mtoto wa nyumba ile anayeruhusiwa kukigusa. Akaniambia pale mnadani amewaeleza wenzake kwamba kuanzia Isaka mpaka Masumbwe hakuna duka linalofunguka bila yeye. Nikamwambia wajina yuko salama. Akafurahi, akaita ndani niletewe kiti na chai.

Aliyeleta kiti ni dada mwenye mtoto mgongoni. Alipiga goti kumsalimia mzee akiwa ameangalia pembeni, akaweka kiti, akanigeukia.

"Karibu kaka. Mimi ndiye Neema. Mama Zahra aliniambia utakuja."

 Kumbe ukweni kwa Neema ndiko kwenye seva. Yeye ameolewa na mtoto wa mzee huyu, na ofisini hakuna aliyeona haja ya kuniambia maana kila mtu alidhani najua.

Na mimi, kwa akili zangu za Temeke, nikaona hapa hapa ndipo pa kumaliza kazi. Nikafungua laptop juu ya magoti nikasema kwa sauti, huku mzee amekaa pembeni: "Afadhali nimekukuta. Hebu niambie, kwenye code yako huyu 'yule' ni nani? Si ni..." Nikataja jina la seva. Lote.

 Mzee akaangalia redio yake. Neema aliinamisha kichwa mpaka nikadhani kuna kitu kimemwangukia. Mtoto ndiye pekee aliyeendelea na shughuli zake.

Akatokea msichana mlangoni, mdogo wa mume wa Neema. Huyu tumwite Pendo. Ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa pale stendi, siku hiyo alikuwa hajafungua.

"Kaka wa Dar," akasema, "njoo unisaidie ndoo."

Nilipofika nyuma ya jiko nikakuta hakuna ndoo. Pendo ameshika ukuta anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Umemuuliza mke wa mtu amtaje baba mkwe wake. Mbele ya baba mkwe mwenyewe!"

"Nimemuuliza kuhusu mashine."

"Mashine inaitwa nani?"

Hapo nikaanza kuelewa. Pendo akanieleza kwamba ukoo wao wameshika mambo ya zamani. Mwanamke aliyeolewa pale hamtaji baba mkwe kwa jina. Hata kama jina hilo amepewa mtu mwingine, analizunguka. Akipita mpitanjia mwenye jina hilo, anaitwa "yule wa kule".

"Lakini kuandika si kutamka," nikasema.

"Muulize mwenyewe. Polepole."

Neema alikuja akakaa kwenye kigoda karibu na moto. Nilimuuliza, safari hii bila kutaja jina. Akaanza kuongea huku anamtikisa mtoto.

"Kaka, wewe unajua amri tunazoandika. Unaandika stop, halafu jina. Unaandika delete, halafu jina. Kuna mahali inabidi uandike kill. Kill, halafu jina la nani?"

Nikaangalia moto, yeye akaendelea.

"Nilipoolewa, baba wadogo wa mume wangu walisema mke wa nyumba hii hawezi kushinda na kompyuta kama mwanaume. Yeye ndiye alisimama. Alisema huyu amesoma, atafanya kazi yake, na hata mashine yenyewe nileteeni hapa kwangu niilinde. Kila siku naamka namkuta anaifuta vumbi. Halafu mimi nikae chumba cha pili niandike kill, nimtaje? Mkono unakataa. Nilijaribu, nikalia."

Akafuta pua ya mtoto na upande wa khanga.

"Najua code yangu pale imekaa vibaya. Nilijua siku ikiongezwa mashine nyingine italeta shida. Nilitaka kumwambia Mama Zahra, nikaona nitamwelezaje, atanicheka. Ameniambia ukija nikusikilize. Najua umekuja kuniambia nini."

Wakuu, nilikuwa na zile picha za skrini kwenye simu mfukoni, na group bado lilikuwa linacheka. Nilijisikia vibaya, na sitaki kulizungusha hilo.

Pendo akatuwekea michembe na chai. Nikatafuna kiazi kile kikavu nikifikiri. Dada huyu alikuwa tayari aonekane hajui kazi, apoteze kazi kabisa, kuliko kuandika neno moja. Na kazi anaipenda, inaonekana kwenye kila mstari ambao hauna "yule".

Nikatoka nikampigia Mama Zahra, nikamweleza yote. 

"Mimi ndiye niliiita hilo jina," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi ibadilisheni jina. Iiteni jina la mtoto wa Neema, litakuwa jambo zuri."

Nikarudi jikoni na habari njema. Neema akaangalia chini. Pendo akaanza kushika ukuta tena.

Mtoto amepewa jina la babu yake.

"Sasa wewe mwanao unamwitaje?" nikamuuliza Neema.

"Namwita Baba."

Na kama hiyo haitoshi, mzee alikuwa amesikia neno "kubadilisha" kutoka uani. Akapaza sauti: "Wajina hafanyiwi hivyo! Mkimbadilisha jina atafute nyumba nyingine ya kulala!" Redio ikazimwa kabisa, ili tujue hatanii.

Kwa hiyo hesabu ikawa hivi. Seva lazima ibaki na jina lake. Neema hawezi kuliandika. Na code lazima ijue seva ni ipi bila kubahatisha.

Tuliitatua pale pale jikoni, laptop juu ya kinu kilichogeuzwa. Module nzima ikawa inasema "ghala". Ghala, basi. Halafu pembeni tukaweka faili moja dogo lenye mstari mmoja, linalosema ghala maana yake ni fulani. Hilo faili nililiandika mimi. Neema aligeuza uso akaangalia sufuria mpaka nilipomwambia nimelifunga. Tukakubaliana kwamba yeye ataitunza code yote, ila lile faili ni langu, mimi mgeni nisiye na mkwe.

Baada ya hapo tulifanya kazi kweli. Alinipitisha sehemu moja baada ya nyingine, na kila "yule" ilikuwa na sababu. Ile ya kutomsumbua mchana ni kwa kuwa mchana wateja ni wengi na laini inajaa. Ile ya kumsubiri bila kumharakisha ni kwa kuwa seva ikiwaka baada ya umeme kukatika inachukua muda kukaa sawa. Tukayaandika yote kwa maneno ya kawaida. yule_akilala ikawa ghala_limezimika. Na yeye mwenyewe akaongeza ulinzi ambao mimi sikuufikiria: ghala likionekana tupu, usifute chochote, simama upige kelele.

Mzee alichungulia mlangoni.

"Wajina mnamfanya nini?"

"Tunamuandikia vizuri, Baba," Neema akajibu, ameangalia chini.

"Wabeja," mzee akashukuru, akarudi kwenye redio yake.

Nilirudi Kahama nikaifuta ile ripoti yangu na mstari wangu mzuri. Nikaandika mpya: Neema arudi akimaliza kunyonyesha, au afanyie kazi huko huko, code yake sasa mtu yeyote anaweza kuisoma. Na mimi kama kuna nafasi Masumbwe nipelekwe.

Mama Zahra aliisoma akaniangalia juu ya miwani.

"Kagongwa walikupa nini?"

"Michembe."

Neema akarudi kwenye kiti chake. Mimi nikapelekwa Masumbwe, kwenye kibanda ambacho karasha la jirani likiwashwa hata chai inatetemeka. Zile picha kwenye group nilizifuta upande wangu, ingawa najua wenzangu wanazo.

Sasa tufike mwisho maana naona mmeanza kuandika "mkuu fupisha".

Kwa kuwa lile faili lilikuwa langu, ilibidi niwe naenda Kagongwa mara kwa mara kuangalia kama liko salama. Faili la mstari mmoja. Mnaojua kazi hii mnajua halihitaji kuangaliwa. Pendo naye alijua, na hakuwahi kuniambia nisije.

Barua ya posa imepokelewa wakuu. Mambo ya ng'ombe bado yanaongelewa, na wajomba zangu wa Temeke hawajui hata ng'ombe anashikwa upande gani, lakini mzee amekubali. Alisema wajina ananifahamu.

Juzi Mama Zahra kanunua mashine mpya, kubwa, inayokuja kuwa ghala badala ya ile iliyochoka. Inatakiwa kufanyika kitu kimoja tu. Kufungua lile faili, kubadilisha ule mstari, kisha kuizima ile ya zamani. Stop, halafu jina.

Nikakaa mbele ya laptop. Nikafungua. Shangazi yake Pendo alikuwa amenikalisha wiki iliyopita akanieleza mimi ni nani sasa kwenye nyumba ile, na kwamba mkwe wa kiume naye hamtaji baba mkwe. Nikaona ni mambo ya wazee, mimi mtoto wa mjini. Nikaandika stop. Nikaweka nafasi. Halafu nikamkumbuka yule mzee na kitambaa chake, anafuta vumbi kwenye kona ambazo hakuna mtu anaziona, na alivyonishika bega siku ya posa.

Mkono uligoma. Nawaapia. Nikafunga laptop nikatoka nje.

Neema nilipomwambia alicheka mpaka mtoto akaamka. Ni haki yake, nilimpa muda wote aliotaka.

Pendo nimemwomba aandike yeye, si ni baba yake? Kanijibu: "Mimi namwita Baba tangu nizaliwe, sianzi kumtaja leo kwa ajili ya mashine zenu." Mama Zahra kasema basi tumwachie yeye aandike, tukamkumbusha alivyoandika mara ya mwisho na ofisi nzima ikakaa bila printa.

Nilichojifunza ni kwamba ukikuta code ya mtu imezungukazunguka, usiharakishe kusema ni mjinga. Muulize kwanza ni nani aliyekuwa anamheshimu wakati anaandika. Mimi niliuliza kwa kuchelewa, na nikauliza kwa sauti.

Kwa hiyo wakuu, uzi huu pia ni tangazo. Tunahitaji mtu wa kuja Kagongwa afungue faili moja, abadilishe mstari mmoja, aizime ile ya zamani, aondoke. Nauli tutalipa, michembe ipo. Sharti ni moja, asiwe ameoa wala kuolewa kwenye ukoo ule, na asiwe na mpango huo. Akikaa sana Pendo ana mdogo wake, tutarudi pale pale.

Wenye maoni, wenye kucheka, na waliowahi kukwama kama mimi, tiririkeni hapa chini. Na mkuu utakayeniuliza hiyo seva inaitwaje ili ujiandae kabisa, nenda kamuulize Mama Zahra. Kwangu mimi inaitwa yule.